Mwalimu Hajira Kasim na Kemia ya Bwaloni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Hajira Kasim anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kemia hapa Tukuyu, yote katika shule yetu hii moja. Wengi wetu tumemkuta. Wawili kati ya walimu wa sasa aliwafundisha mwenyewe, na mpaka leo wakimwona anaingia ofisini wanaficha simu.

Alizaliwa Kiwira, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa kando ya barabara. Aliripoti kazini akiwa na shahada mpya na viatu vya kisigino ambavyo, kwa maelezo yake, tope letu liliviua wiki ileile. Alipewa Kidato cha Sita, awaandae kwa mtihani wa taifa, ule unaoamua nani ataingia chuo kikuu kusomea udaktari au uhandisi na nani atatafuta njia nyingine. Majaribio aliyasahihisha kwa wino wa kijani, akidai mwekundu unawatia vijana homa. Kwenye masomo ya vitendo, mwanafunzi akifungulia asidi kwa pupa, sauti yake ilisikika hadi uwanjani: "Tone, siyo bomba."

Lakini anayetaka kumjua Mwalimu Hajira aulize habari za mwaka 2017.

Mwezi Machi wa mwaka huo, upepo wa mvua uling'oa paa la maabara. Vioo vilivunjika, kemikali zikalowa, na mtihani wa vitendo ulikuwa Mei. Kwenye kikao cha wazazi wapo waliopendekeza watahiniwa wa sayansi wasubiri mwaka unaofuata. Mwalimu Hajira alisimama akaomba apewe bwalo la chakula, kati ya uji wa asubuhi na ugali wa mchana. Mpishi mkuu, Mama Beatrice, alikataa asidi kukaa kwenye meza za kulia, hadi alipoahidiwa kwamba mwalimu mwenyewe ndiye atakayezisugua. Na alizisugua, kila siku, mikono ya gauni ikiwa imekunjwa.

Vifaa aliviazima shule moja ya upande wa Mbeya. Vilikuja juu ya lori lililokuwa limetoka kushusha ndizi, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, naye ameketi navyo huko nyuma. Havikuvunjika.

Katika jaribio la Aprili, binti mmoja kutoka Matwebe, Lusungu, alianguka vibaya. Nadharia aliijua, ila kwa hofu alifungulia asidi kwa pupa akashindwa vitendo. Baba yake, Mzee Ambindwile, mkulima wa chai, alifika kumchukua. Alisema shamba linamngoja, na kwamba haoni sababu ya kumwacha mtoto aaibike mara mbili. Mwalimu Hajira hakubishana naye. Alimwomba tu aketi bwaloni, atazame kipindi kimoja.

Mzee alikaa, kofia mapajani. Lusungu akaanza kudondosha asidi, tone kwa tone, mwalimu akiwa amesimama nyuma yake bila kumgusa wala kumsemesha. Kimiminika cha njano kikageuka rangi ya chungwa, ishara kwamba asidi imetosha, naye akafunga koki papo hapo. Mzee akauliza kama siku ya mtihani itakuwa rangi hiyohiyo.

"Ni hiyohiyo, mzee wangu," Mwalimu Hajira alijibu. "Kinachobadilika ni moyo wa mtahiniwa, na huo ndio tunaoufanyia mazoezi hapa."

Mzee Ambindwile alivaa kofia yake. "Ndaga fijo, mwalimu," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Basi amalize."

Majibu yalipotoka Julai, watahiniwa wote wa Kemia walikuwa wamefaulu isipokuwa mmoja, Godwin. Siku hiyo shule nzima ilikuwa ikiimba, lakini Mwalimu Hajira hakuwepo. Alikuwa amekwenda nyumbani kwa akina Godwin. Mwaka mzima uliofuata alimfundisha kila Jumamosi kwenye baraza la nyumba yake pale Ibighi, bila malipo, kijana akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Leo Godwin ni mhandisi wa maji. Lusungu ni daktari, na mwaka jana alimpokea mdogo wetu mmoja duniani: mjukuu wa Mwalimu Hajira.

Mwaka huu alikuwa na haki ya kwenda likizo ya kustaafu mapema. Aliiahirisha hadi karatasi ya mwisho ya Kemia ikusanywe. Siku ile aliwasindikiza watahiniwa hadi mlangoni, akawatengenezea kola, kisha akakaa peke yake kwenye ngazi mpaka walipotoka. Hakuwauliza majibu. Aliwauliza kama wamekula.

Mwalimu Hajira, watoto wa wakulima wa chai na wa wauza duka wameingia vyuo vikuu kwa sababu yako, na sisi tumejifunza ualimu kwa kukutazama. Asante. Tunakuombea afya, mjukuu wa kubembeleza, na mvua ya asubuhi unayoisikiliza ukiwa bado kitandani, bila kengele ya mtu yeyote kukuita.

Meshaki, kwa niaba ya walimu wenzako