Chetezo Kisicho na Moto

Kijiwe chetu hapa Nizwa ni benchi mbele ya duka la mshoni lililofungwa, na kila alasiri tuko walewale. Yupo Mahrous, tunamwita Redio, maana kila kitu amekisikia hewani. Yupo Hashil wa Bujumbura, Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kuendesha lori la kiwanda cha maji ya chupa. Na Hamed tunamwita Chetezo, kwa kuwa enzi za mkewe Fakhriya udi wake ulifika kabla yake. Fakhriya alifariki mwaka 2001. Baada ya hitima Hamed akahamia kijumba nyuma ya msikiti, na sasa, miaka miwili baadaye, kinachofika kabla yake ni kikohozi.

— Yakhe, kifua hicho! nikamwambia. Nenda hospitali.

— Ya nini? Binti yangu Amna kaniletea mashine kutoka Maskati, kampa mtu wa teksi. Ya ozoni, inasafisha hewa. Nafunga chumba, naiweka chini ya kichanja cha kufukizia nguo, natandaza kanzu juu, nami nakaa papo hapo. Kama udi.

— Inanukiaje? akauliza Redio.

— Kama radi imepiga karibu. Inakereketa koo.

— Basi ndiyo inafanya kazi! Dawa ya moto ni moto. Nimesikia hewani, ozoni iko juu inatukinga na jua. Ukiivuta, pafu halipigwi na jua tena.

— Pafu limo ndani, litapigwaje na jua? nikauliza.

— Ukipiga miayo je?

Injinia akaweka kikombe chini.

— Redio hajui sayansi. Kiwandani maji tulikuwa tunayapitisha kwenye ozoni, vijidudu vyote finishi. Na mtu ni nini? Maji! Hamed akivuta mwaka mzima, wallahi unamtia chupani unamuuza.

Tukacheka. Hamed naye akacheka, kikohozi kikamkamata.

— Asiizime! akasema Redio. Kitu cha mbinguni hicho. Mwacha asili ni mtumwa.

Hapo akapita Luay, muuguzi wa wodi ya kifua, aliyehamia mtaani wiki ile kutoka Sur.

— Shikamooni.

— Marahaba. Kaa, unywe kahawa.

Hakukaa. Maneno yetu ya mashine alikuwa ameyasikia tangu kwenye kona, na sasa alikuwa anamsikiliza Hamed akikohoa.

— Ami Hamed, ozoni huko juu inatukinga, kweli. Ukiivuta puani inaunguza njia za pumzi. Kikohozi hicho na kubanwa kifua ndiyo kazi yake, na chumba kikifungwa ndiyo mbaya zaidi. Izime leo. Chumba chenyewe kina madirisha mangapi?

Hamed alikuwa bado anakohoa. Akatuonyesha sisi kwa mkono, tumjibie.

Luay akatugeukia. Redio akatazama kikombe chake. Injinia, mwenye jibu la kila kitu, akajikuna shingo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka: hapana hata mmoja wetu aliyewahi kupiga hodi pale.

Hamed akapata pumzi.

— Moja tu, akasema. Nikiliacha wazi nyumba hainukii kitu. Nilitaka inukie kama ina mtu.

Nikainua dele nimmiminie, halikutoa hata tone.

— Hamed, nikasema, kwako kuna kahawa? Tuje tukufungulie hilo dirisha.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Kahawa ipo, akasema. Kikombe ndicho kimoja.