Dosinda Outeiral wa Castrelo, Mwenye Meza Nne na Divai ya Sauti Ndogo

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Castrelo na Cambados, na ninyi mliotoka mbali kuja kumsindikiza, familia imeniomba mimi, Yuleima Fariña, niwasomee maisha ya mama yangu, na kwa kuwa wengi wenu mnajua kwamba hakunizaa, nitaeleza pia jinsi nilivyokuja kuwa wake.

Marehemu Dosinda Outeiral Padín alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa Castrelo, katika nyumba ileile tuliyomtoa leo asubuhi, akiwa mtoto wa pekee wa Mzee Avelino Outeiral, mkulima wa mizabibu, na Bi. Carme Padín, mwokota kombe, wale viumbe wa bahari wenye gamba, ufukweni, kwa hiyo alikua kati ya vitu viwili vilivyokuja kuwa kazi yake, divai nyeupe ya baba na vyakula vya bahari vya mama.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini tangu mwaka 1945 hadi 1950, akaacha mama yake alipovunjika nyonga, na mwaka 1953 akapelekwa Pontevedra kuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya wakili mmoja. Huko ndiko kipaji chake kilikojulikana, kwa maana Jumapili moja ya mwaka 1957 wakili alikuwa na wageni, akafungua chupa ya Mzee Avelino, mpishi akatayarisha samaki kwa mchuzi wa siki na vitunguu saumu, na Dosinda, aliyetumwa tu kupeleka sahani, akaleta samaki mtupu na mchuzi pembeni kwenye bakuli.

"Nani kakutuma ututenganishie mchuzi?" wakili akauliza mbele ya wageni.

"Hakuna, bwana," akajibu. "Ila divai ya baba yangu ina sauti ndogo. Mkiimwagia siki, hamtaisikia."

Wageni wakacheka, wakili akala kipande cha samaki kilichotiwa chumvi tu, akanywa, akaomba kipande kingine, na kabla ya mwezi kwisha Dosinda akawa ndiye mpishi.

Tarehe 22 Oktoba 1960, siku chache baada ya mavuno, alifunga ndoa na Eladio Fariña, fundi wa kuchonga nguzo za mawe za mizabibu, mtu wa maneno mengi na mkono mzito wa viungo, na wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba ugomvi wao ulisikika hadi barabarani, na karibu wote ulikuwa juu ya pweza, maana Eladio alitaka pweza aliyejaa pilipili nyekundu ya kusaga mpaka sahani isionekane, na aishushie kwa divai ya mkwewe.

"Unaiua divai, wewe mwanamume!"

"Divai gani hiyo inayoogopa pilipili? Mwambie baba yako atengeneze divai yenye misuli!"

"Kanywe siki basi, misuli imejaa humo!"

Kisha walikuwa wakicheka, naye akimpa pweza huyo kwa maji, si kwa divai.

Nguzo za mawe zilipokosa wanunuzi, Eladio alipanda meli bandarini Vigo tarehe 3 Mei 1962 kwenda Venezuela, akiahidi miaka mitatu, na mwaka 1965 alipoona miaka hiyo haimtoshi akamtumia mkewe tiketi. Marehemu alifunga sanduku, akafika Vigo, akaketi juu ya sanduku hilo bandarini tangu asubuhi hadi honi ya mwisho, akarudi Castrelo. Baba yake alikuwa akikohoa damu na mizabibu ilikuwa imechanua, hizo ndizo sababu alizotoa, lakini nilipokuwa mtu mzima aliniambia, "Niliogopa kwenda mahali ambapo sitajua kipi kinakwenda na kipi." Mzee Avelino alifariki mwaka uliofuata, na barua za Eladio zikawa fupi, moja kwa mwaka, hadi mwaka 1974 zilipokoma kabisa.

Mwaka 1967 alifungua mkahawa sebuleni mwa nyumba hiyo, wenye meza nne, akiuza divai ya shamba lake na chakula alichokiona kinaifaa, yaani chaza wabichi bila hata ndimu, kombe waliopitishwa tu kwenye siagi, kaa wa kuchemshwa, samaki wa mvuke, na jibini laini la ng'ombe mwishoni, na aliyeomba kitunguu saumu aliambiwa kwa upole kwamba kipo kwa jirani. Divai aliipoza kwa maji ya kisima wala si kwa barafu, akisema barafu inaifunga mdomo. Watu walitoka hadi Santiago kula kwake, wengine walimposa, naye akawajibu kwamba ana mume. Bi. Balbina, jirani yetu, aliyeketi hapa mbele, alimwambia mara ngapi sijui, "Dosinda, huyo mtu amekusahau," naye alikuwa akijibu, "Basi mimi sijamsahau, tumegawana kazi."

Mwaka 1978 mimi nilizaliwa huko Venezuela, mtoto wa Eladio kwa mwanamke mwingine, aliyefariki mwaka 1988. Tarehe 17 Agosti 1989 baba yangu alirudi akiwa amenishika mkono, amekonda, koo lake limechomwa na matibabu yaliyomwondolea ladha yote ulimini, tukasimama mlangoni mwa mkahawa saa ya chakula cha mchana, wateja wakaacha kula. Mama Dosinda alitutazama, akafuta mikono, akaniuliza mimi, si yeye, "Umekula?" Nikasema hapana. Akaniwekea sahani, na baba akabaki amesimama mpaka nilipomaliza.

Hakumsamehe siku hiyo, wala mwaka huo, na sitawadanganya mbele ya jeneza lake kwamba ilikuwa rahisi. Baba alilala chumba cha mapipa. Lakini kilichomuumiza Mama zaidi, nilikuja kuelewa baadaye, ni kwamba kwa miaka ishirini na saba alikuwa amejiwekea akilini mlo mmoja wa kumpa mumewe akirudi, kombe, siagi kidogo, na chupa ya mwaka mzuri, na alipompa, baba alitafuna, akanywa, akasema, "Nzuri." Mama akajua kuwa anadanganya. Akatoka nje akakaa chini ya mizabibu hadi sahani zilipopoa.

Alijaribu kila kitu majira yote ya baridi, supu, chaza, mayai ya samaki, akimweleza kila ladha kwa maneno, hii ina chumvi ya mwani, hii inafanana na tufaha bichi, na baba alisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Kisha siku ya Jumapili, tarehe 10 Februari 1991, alipika pweza, akammwagia ile pilipili nyekundu kali aliyoikataza nyumbani mwake, akamwekea glasi ya divai pembeni. Baba akala, machozi yakamtoka.

"Inaunguza," akasema. Akanywa. "Na hii inapoza. Dosi, naisikia! Siyo ladha, lakini naisikia ikipita."

"Kula taratibu, mzee wewe," Mama akasema, akammiminia tena, kisha akavuta kiti, akala naye kutoka sahani moja.

Tangu siku hiyo baba alitoka chumba cha mapipa. Walikaa pamoja miaka miwili na miezi minne, hadi baba alipofariki tarehe 21 Juni 1993, na Mama hakuolewa tena wala hakupika tena pweza.

Marehemu hakubahatika kupata mtoto wa kumzaa, ameniacha mimi na mwanangu Brais. Alinifundisha kwa pua kabla ya ulimi, "Nusa, usinywe," na kwa miaka thelathini nilimpelekea kijiko cha kila chungu na glasi ya kila pipa, nikimwuliza, "Hii inakwenda na nini?"

Aliugua moyo tangu Machi mwaka huu, akalazwa mara mbili, akaomba kurudishwa nyumbani, na alituacha Jumatano, tarehe 11 Septemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi. Balbina aliyemwogesha kila siku, majirani walioleta kuni na mikate, waokota kombe wanaoendeleza kazi ya mama yake, na wakulima wenzake waliosimamisha kazi leo zabibu zikiwa tayari. Kesho asubuhi tunaanza kuvuna, anayeweza kupanda ngazi aje.

Mama, divai ya mwaka huu hutaionja. Nitaionja mimi, na sitakuwa na wa kumwuliza. Lala salama, Mama Dosinda, upumzike kwa amani.