Tambarare Chini ya Mwamba

Marehemu Crispus Mwakio alizaliwa Werugha mwaka wa 1906, kifungua mimba wa Mzee Mwakio na Mama Wakesho. Anayewasomea haya ni mimi Priscilla, dada yake aliyemfuata.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa Pasaka ya 1921. Mwaka wa 1925 aliajiriwa na reli pale Voi. Kazi yake ilikuwa kuweka kabari chini ya magurudumu ya mabehewa yasije yakabingirika. Akija likizo alituchosha na habari za kabari. Hata kitanda cha mama alikiwekea.

Tarehe 12 Desemba 1931 alifunga ndoa na Tryphena. Siku hiyo aliusimamisha msafara wote wa harusi njiani, akainama na suti yake mpya kuondoa jiwe barabarani. Bibi harusi akamwuliza, "Kwani unanioa mimi ama barabara?" Walijaliwa Josephat na Mable.

Aliacha reli mwaka wa 1949, akachaguliwa katika kamati ya soko na barabara hapa Werugha. Malori ya mboga yalikuwa yakiegeshwa mteremkoni mbele ya shule, na wazazi hawakupenda. Februari 1954 mwenyekiti, Mzee Obadiah, alipendekeza yahamie kwenye tambarare chini ya mwamba. Ndani ya mwamba huo yamehifadhiwa mafuvu ya babu zetu, kwa desturi ya zamani. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, lakini akipita pale alivua kofia. Akasimama kikaoni: "Madereva wammwagie babu yangu oili? Wazee watalala saa ngapi?" Kamati ikacheka, ikaliacha jambo lilivyo.

Tarehe 9 Juni, kwenye ukungu, lori lisilo na dereva lilirudi nyuma mteremkoni likamuua binti yangu Alice, akitoka shule.

Juma hilohilo marehemu aliyahamisha malori yote. Madereva waliogopa, wakisema mwambani kuna watu wananong'ona. Akakaa nao hadi wakazoea. Kila jioni aliweka jiwe nyuma ya kila gurudumu, kisha akautazama mwamba na kusema, "Ni malori tu. Tuvumilieni." Nilimwambia, kaka, hayo yamekwisha. Akanijibu, "Kwako yamekwisha, dada. Mimi bado nalisikia likishuka." Na kweli, mara nyingi tukiwa mezani aliacha kula akatega sikio. Mimi niliogopa kutega langu.

Kifua kilimshika Machi mwaka huu wa 1958. Tarehe 14 Mei alizidiwa. Danson, mmoja wa madereva wale, akaleta lori kumpeleka hospitali, akalisimamisha mteremkoni, karibu na mlango. Marehemu akakataa katakata kupanda. "Litoe hapo, Danson. Watoto wanatoka shule." Tukambeba na kitanda chake hadi tambarare, na lori likatufuata. Chini ya mwamba alinishika mkono akasema, "Jiwe." Nikainama, nikaliweka. Nilipoinuka alikuwa ameshatuacha.

Ameacha mjane Tryphena, watoto Josephat na Mable, wajukuu wanne, na mimi. Alitanguliwa na mpwa wake Alice, ambaye leo analala kando yake.

Malori yaliyowaleta yako tambarare, kila moja na jiwe lake. Nimeyapitia mwenyewe asubuhi. Lala sasa, kaka. Hakuna kinachoshuka.