Bwana Futi Anaagwa Kazini

Baada ya miaka thelathini na nne na miezi mitano ya utumishi wa umma, tisa ya mwisho akiwa gavana wa kisiwa chetu, Bwana Futi alikuwa astaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 28, saa nne asubuhi, katika ukumbi huu huu. Viti vilishaagizwa na kadi zilishasambazwa. Jumatatu tarehe 17, akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu ili aje kazini, moyo wake ulisimama.

Kamati ya sherehe iliona tuahirishe. Mke wake, mwalimu wa chekechea, alikataa. Siku mbili baada ya mazishi alituita sebuleni kwake, akatumiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kuzika tumeshazika. Kazini bado hamjamuaga. Muageni kama mnavyomuaga mfanyakazi yeyote, na msilie kwenye karatasi." Ndiyo maana mlichoshika mkononi ni wasifu wa mstaafu. Tutajitahidi kutii.

Alianza kazi akiwa mpimaji msaidizi katika ofisi ya ardhi, chumba cha chini chenye madirisha mawili, moja halifunguki. Futi ya chuma haikumtoka kiunoni, na jina likamganda. Wakongwe wa ofisi ile wanakumbuka ugomvi wa majirani wawili, mtu na shemeji yake, waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka. Bwana Futi alipima mara tatu, akarudi ofisini kukagua ramani, kisha akaenda nyumba zote mbili kuwaambia kwamba aliyekosea ni ofisi. Mkuu wake alimnunia mwezi mzima. Mashemeji walirudi kusalimiana.

Alipoteuliwa gavana, alikuta ameagiziwa meza kubwa ya mbao. Wanaume wanne waliipandisha ghorofani jasho likiwatiririka. Yeye akachomoa futi, akapima mlango, akawaambia waitue pale pale kwenye ujia, maana haingii. Mpaka leo ndiyo meza ya mapokezi, na yeye alifanya kazi miaka yote tisa kwenye meza ya zamani aliyomwachia gavana aliyetangulia.

Jambo moja lilitupa kicheko: gavana wa kisiwa hakujua kuogelea. Kwenye kivuko alikaa katikati kabisa, ameshika chuma, macho yameelekea ng'ambo kana kwamba anaivuta ije. Kwa hiyo mwaka wa nne, alipokifunga kivuko, watu walikuwa na maneno tayari: gavana anaogopa maji.

Ilikuwa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Fundi wa kuchomelea vyuma wa pale gatini alikuja ofisini bila miadi, akakaa ukingoni mwa kiti asije akakichafua kwa mafuta. Alieleza kwamba vyuma vya chini ya kivuko vimeliwa na kutu, kwamba ameshasema mara mbili na kuambiwa asubiri matengenezo ya mwaka. Gavana alimhoji unene, urefu, sehemu gani hasa. Mwishoni akamuuliza, "Mkeo ungempandisha?"

"Sijampandisha tangu mwezi uliopita, Mheshimiwa."

Gavana alisimama, akavaa koti. Mchana ule ule kivuko kikafungwa.

Siku kumi na tisa za kusubiri kivuko kikaguliwe hazikuwa mchezo. Wagonjwa wa dharura walivushwa kwa boti ya polisi, wengine wote wakasubiri. Vitunguu vilioza kwenye magunia, walimu walikwama ng'ambo, na simu za wakubwa hazikukatika. Dada yake mkubwa, muuza vitambaa, mzigo wake ulikuwa umekwama upande wa pili. Alimwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyembeba mgongoni, na uoga wake anaujua tangu hajaota meno. Gavana alijibu, "Sawa, dada." Kila asubuhi alishuka gatini, akasimama saa nzima kusemwa. Nilipomshauri apitie njia ya nyuma, alisema watu aliowasimamisha wana haki ya kumwona. Mimi niliyeichapa amri ile nilikuwa miongoni mwa waliodhani amekosea, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, akanishukuru, hakubadilisha neno.

Siku ya kumi na tisa kivuko kilivutwa nchi kavu, na nusu ya kisiwa ilikuja kutazama. Fundi aliingia chini ya chumba cha injini na nyundo ndogo, akagonga. Pigo la pili, nyundo ikapita. Aliichomoa, na kwenye tundu lile tukaona mwanga wa upande wa pili. Dada yake akapenya katikati ya watu, akamnyoosha kola ya shati, akamwambia, "Twende ukale."

Ajali ambayo haikutokea haina mnara wala siku ya kumbukumbu. Hatuwezi kuwataja waliookoka, maana hakuna aliyezama. Huenda ni wewe unayesoma hapa, au mwanao.

Hakuwa malaika. Alikuwa mzito wa kuamua mambo madogo, na barua ilirudi kwako mara tatu kwa sababu ya nukta. Barabara ya mashariki ameiacha nusu, na mwenyewe alitaka hilo lisemwe siku ya kumuaga.

Juzi tulifungua droo zake ili tuikabidhi familia vitu vyake. Tulikuta daftari aliloandika kwa ajili ya gavana ajaye. Tulitegemea miradi. Kumbe ni sisi, mmoja mmoja. Mlinzi wa lango: "Sikio la kushoto halisikii. Msalimie ukiwa kulia kwake, la sivyo utadhani ana kiburi." Mama wa usafi: "Magoti yanamsumbua na hatasema. Mpangie vyumba vya chini." Dereva: "Njia anazijua kuliko wewe. Nyamaza." Na mimi, katibu wake: "Ana maneno mengi. Msikilize mpaka mwisho, la maana huliweka mwisho."

Mwalimu, ahsante kwa kutuazima mumeo miaka yote hii. Wewe na binti zenu tunawaombea siku za utulivu na nyumba yenye vicheko.

Na la mwisho, Bwana Futi, ni hili: kazi umeimaliza. Nenda kapumzike.