Elspeth Noske na Divai ya Mwisho ya Clem

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na hali ya hewa. Elspeth Noske ametutoka. Elspeth wa barabara ya juu amefariki Jumanne, wiki ileile tunayoonja divai mpya za milima yetu. Nimeumia, na sina hamu ya kuonja chochote.

Mlimjua. Mfupi, ulimi mkali, hana simile. Yeye alitunza mizabibu, mumewe Clem akatengeneza divai.

Kumbukeni mwaka ule wa moto wa msituni. Kwao moto haukufika. Moshi ndio uliofika, ukazilalia zabibu zao. Majirani wengi waliziacha zao zikaoza mtini. Clem akavuna. Akakamua, akajaza mapipa, na kabla ya baridi kuingia moyo wake ukasimama akiwa palepale ghalani. Divai ile ikawa ya mwisho ya Clem.

Elspeth aliijaza chupani mwenyewe. Alipoionja siku hiyo, ilikuwa safi. Lakini moshi una hila. Hujificha ndani ya divai miezi mingi, kisha hujitokeza chupani.

Desturi yetu haijabadilika. Kabla divai mpya haijauzwa, majirani tunaionja pamoja, kila chupa imevishwa soksi ili asijulikane mwenye nayo. Mwaka ule Elspeth aliketi na jirani yake, Colin Zander.

"Colin, hii soksi umeifua kweli?"

"Onja wewe, acha maneno."

Ikaja chupa nyingine. Colin akaonja, akatema kama wafanyavyo waonjaji, akasema, "Si mbaya." Wenzake nao wakasema si mbaya. Elspeth akaonja. Akatulia, akingoja ladha ya mwisho imfike kooni.

"Si mbaya nini? Haya ni majivu matupu. Mwenye nayo akaimwage, asituaibishe."

Colin akaivua soksi taratibu. Ilikuwa divai ya Clem.

Binti yao, Tamsin, amenisimulia yaliyofuata. "Mama aliwauliza, 'Kwani mlijua ni ya Clem?' Colin akasema, 'Tulihisi, Els. Tulikuonea huruma.' Mama akamwambia, 'Huruma gani hiyo? Mngeniacha niuze majivu yenye jina la mume wangu?'"

Aliimwaga yote. Wasikilizaji, yote. Tamsin alimwomba abakize japo chupa moja ya ukumbusho, akakataa katakata.

"Alizifungua moja moja, hakutaka nimsaidie," anasema Tamsin. "Zilipokwisha akakalia ndoo, akaniambia, 'Sasa ndipo baba yako amekufa.' Msibani hakulia. Siku ile alilia mpaka nikaogopa."

Aliendelea kutunza mizabibu, lakini zabibu aliwauzia wengine. Jina la Noske halikuonekana tena kwenye chupa.

Tamsin, pole sana. Colin, pole nawe. Najua unatusikiliza, na najua hujawahi kujisamehe kwa ule ukimya wako. Wasikilizaji wapendwa, hebu tujiulize leo. Jirani yako amefiwa, na kitu pekee alichoachiwa kimeharibika. Utamwambia, au utanyamaza? Mimi nimewaza usiku kucha.

Mazishi ni kesho asubuhi, Elspeth atalazwa kando ya Clem. Njooni wote. Maua mnaweza kuleta. Divai, familia inaomba, msilete.