Neno Lile kwenye Jiwe la Honora

Vuteni viti karibu, wanangu, na wewe Gwen acha hivyo vikombe, vitaoshwa na watakaokuja kunizika. Des, kaa pale ninapokuona. Daktari jana aliniambia hali yangu waziwazi, nami nikamshukuru, maana sipendi mtu wa kunizungukazunguka. Pumzi yangu ni chache, kwa hiyo msinikatize. Mkitaka kulia, lieni kimyakimya.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni ya Gwen, pamoja na jiko lake linalotoa moshi. Shamba la matufaha ni lako, Des, lote, kutoka barabarani hadi mto Huon, na kama serikali inawalipa watu wang'oe miti yao, ng'oa ukiona vyema, sitafufuka kukugombeza. Ni lako hata ukikataa hili nitakalokuomba sasa. Nimelisema kwanza makusudi, asije mtu akadai kwamba nilimnunulia bibi yetu heshima kwa ekari.

Maana najua, Des. Najua ulimpigia simu fundi wa mawe kule Hobart ukamwambia mama kachanganyikiwa, asilete jiwe la kaburi la Honora Jumamosi. Fundi naye akanipigia mimi kuniuliza kama ni kweli. Nilikasirika siku mbili nzima, mwanangu, na sasa sina nguvu ya kukasirika, nimebaki na nguvu ya kueleza tu.

Honora Brazel alikuwa bibi wa mama yangu. Alikufa nikiwa na miaka saba, na ninalomkumbuka nalo sana ni kwamba hakukubali mlango ufungwe yeye akiwa ndani, hata kama baridi ya Julai inaingia na mvua yake. Ndiyo maana vyumba vya ukoo huu havina komeo, nanyi mmekua mkilala milango wazi mkidhani watu wote hulala hivyo. Sisi tuliambiwa kwamba alikuwa binti wa nahodha, amezoea upepo wa bahari, na kwamba alikuja huru, kwa nauli yake. Hapa kisiwani, walikomwagwa wafungwa wa ng'ambo kwa meli, kila ukoo utakwambia kwamba wao walikuja huru. Ukiwasikiliza utadhani lile gereza la wanawake chini ya mlima lilijengwa kufugia kuku. Na ukurasa wa mbele wa Biblia yetu, ule wa majina, mama yangu aliukata kwa wembe, nami nikiwa nimesimama pembeni yake nikimshikia taa.

Dada yangu Lorna ndiye aliyelisema la kweli, kwenye meza ya keki za kanisa, mke wa mchungaji akisikia. "Jamani," akasema, "si bibi Honora aliletwa na pingu? Tunamficha nani? Nusu ya mnaokula keki hapa bibi zenu walikuja naye!" Nikamwambia, "Lorna, kama umekunywa, nenda kalale." Nikakaa miaka kumi na tisa bila kumsemesha dada yangu wa tumbo moja. Hiyo ni aibu yangu, na ndiyo aibu pekee katika habari hii yote.

Nilikwenda kwenye kumbukumbu za serikali ili nimuumbue. Nikapekua orodha za abiria waliolipa nauli, miezi mitatu, hakuna Brazel. Binti wa pale akaniuliza kwa adabu, "Bibi, umewahi kuangalia ule upande mwingine?" Nikamjibu, "Binti, sisi si watu wa upande huo," nikachukua kofia yangu nikaondoka. Miaka miwili sikurudi. Niliporudi hakuniuliza kitu, aliniletea tu lile daftari kubwa, likiwa limefunguliwa tayari. Alikuwa amelipata zamani, akaninyamazia.

Na mle ndani, wanangu, nikamkuta. Miaka ishirini, uso wa ndui, macho ya kijivu. Viazi vilioza mashambani kwao Clare, ng'ambo ya bahari, wakafa mama yake na wadogo zake wawili, naye akaenda akachoma rundo la nyasi kavu la mwenye ardhi, kisha akaketi palepale akiwasubiri askari, maana alisikia kwamba melini wafungwa hulishwa. Miaka kumi na mitano wakampa. Na chini yake, makosa yake ya huku: amemjibu bibi mwenye nyumba aliyemtumikia, siku saba chumba cha giza. Amecheka wakati wa ibada, siku tatu. Amemjibu tena, siku kumi na nne. Nilisoma nikasimama pale katikati ya watu nikasema kwa sauti, "Huyu ni wetu!" Siku kumi na nne gizani, mlango umefungwa, akatoka akaolewa, akazaa tisa, akapanda matufaha ambayo yamekulisha wewe, Des, mpaka ukawa na tumbo hilo.

Unaniambia unagombea udiwani, watu watasema nini. Watasema nini, nao bibi zao wako kwenye daftari lilelile, nimewaona huko kwa majina? Ninajivunia mwanamke huyu. Mimi sijawahi kumjibu mtu yeyote aliyenizidi, hata mara moja.

Gwen, ninyanyue kidogo. Hapo.

Basi jiwe lisimame. Jina lake lote, kwao Clare, mwaka aliofika, na neno mfungwa, msiliweke kwa herufi ndogo. Mimi mnilaze ubavuni mwake, kule kona ya nje ya makaburi, si ndani ya uzio wa chuma pamoja na wale waliokuja huru. Lorna atafika Ijumaa. Haoni sasa, mshikeni mkono, mpelekeni mbele, vidole vyake viisome ile kazi ya fundi. Mwambieni... mwambieni alisema kweli. Niliandika barua, sikuituma.

Mungu awape shingo ngumu kama yake, wanangu. Awape chakula, na watoto wa kucheka kanisani. Nimewabariki wote wawili. Sawasawa.

Des anakwenda wapi? Mwache... mwache aende, Gwen. Shamba ni lake, nimeshasema.

Nani anaongea barazani? Ni yeye? Anampigia nani... nyamaza nisikie. Anataja herufi. B. R. A... Polepole, anataka mtu aandike. Sasa amesema Clare.

Sasa amelisema neno lile, Gwen. Na hakunong'ona.