Fundi Aliyepanda Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa viti vya pikipiki ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji. Hata mkewe alimwita Sponji, isipokuwa akikasirika. Hapo alikuwa "baba watoto".

Walizoea kusafiri wawili kwa pikipiki. Kisha mke akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alipopona alisema basi, pikipiki tena hapana. Lakini binti yao aliishi ng'ambo ya milima, mahali pasipofika gari, na alikuwa ndio kwanza amejifungua. Bibi alimjua mjukuu wake kwa kilio cha kwenye simu tu. Likamkaa moyoni.

Sponji hakubishana naye. Alianza kuzijaribu pikipiki kubwa za safari, zile za kiti cha chini na usukani mpana, zilizoletwa kwake kushonwa viti, amtafutie mkewe itakayomfaa. Na alizijaribu akiwa amepanda nyuma. Ndiyo, wasikilizaji, nyuma. Wenye pikipiki waliendesha, naye mtu mzima na kitambi chake amewashika viuno. Majirani wakamuuliza harusi lini.

Jioni alimpelekea mkewe habari. Nyeusi ina nguvu, lakini inatetemeka mpaka nyayo zinakufa ganzi. Ya bluu imetulia, inakoroma kama mtu aliyeshiba, ila kiti chake cha nyuma ni kidogo kama sahani. Nyekundu, ah, nyekundu ni godoro.

Akaiazima nyekundu. Mke akajipa moyo, akapanda, akasifu. Kabla hawajafika mbali akamgonga bega. Ule ulaini wote ulikuwa umedidimia, amekalia bati. Alishuka machozi yakimtoka.

"Baba watoto," alisema, "ulikuwa unapima nyonga zako. Zangu hukuziuliza."

Binti yao anatuambia baba yake aliyasimulia maneno hayo hadi uzeeni, akijicheka mwenyewe.

Safari hii mke ndiye aliyepanda pikipiki, moja baada ya nyingine, pale pale karakana. Sponji alisimama pembeni na kisu na chaki, akiuliza panapobana. Mke akachagua ya bluu, ile ile ya sahani. Vikanyagio vyake vilikuwa chini, mguu ukanyooka, nyonga ikapumua. Muuza maziwa, mwenye pikipiki hiyo, akawaazimisha. Sponji akashona kiti kipana, kigumu kidogo, chenye egemeo la mgongo.

Wakavuka milima polepole, wakisimama kila mke aliposema simama. Bibi akampakata mjukuu wake. Sponji, anasema binti, alitoka nje akajifanya anakagua tairi.

Wasikilizaji, fundi huyo ametutoka wiki hii, baada ya kuugua kifua. Kwa mkewe, kwa binti, kwa mjukuu ambaye sasa ni kijana: poleni sana. Tuko pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, kila mmoja ana mtu wa nyumbani anayemhangaikia usiku na mchana. Leo muulize panapomuuma. Kisha nyamaza, usimjibie.